Mkakati, Muundo na Utendaji wa Jeshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wa masomo ya ulinzi, maafisa wanaojiandaa kwa kozi za unadhimu, waandishi wa habari, na raia wanaotaka kuelewa kwa nini majeshi mawili yenye silaha zinazofanana yanaweza kupata matokeo yasiyofanana hata kidogo. Majibu yameegemea historia ya vita kuliko nadharia za uongozi, kwa kuwa nadharia hizo nyingi zilibuniwa kwa ajili ya makampuni, na kampuni haina adui anayeamka kila asubuhi akiwa na nia ya kuivuruga.

Mkakati wa jeshi ni nini, na muundo wake ni nini?

Mkakati ni uamuzi kuhusu kile ambacho jeshi linakusudia kukifanikisha, dhidi ya nani, kwa nyenzo zipi, na ni mambo gani mengine litakubali kuyaacha. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi. Waraka unaotamka kwamba jeshi litalinda mipaka, litapambana na magaidi, litashiriki katika ulinzi wa amani na litaokoa wananchi wakati wa mafuriko, bila kusema lipi litangulie pale askari na fedha zisipotosha, ni orodha ya matamanio hata kama umepigwa muhuri wa siri.

Muundo ni jinsi jeshi linavyojipanga ili kutekeleza uamuzi huo: vikosi vinagawanywa vipi, nani anamwamuru nani, nani anashika bajeti, taarifa zinapita njia gani, na afisa anapanda cheo kwa kigezo kipi. Wengi wakisikia neno muundo hufikiria mchoro wenye visanduku na mistari unaotundikwa ukutani makao makuu. Mchoro huo huonyesha sehemu ndogo tu. Mambo mawili yenye nguvu kuliko yote, yaani njia ya taarifa na kigezo cha kupandishwa cheo, kwa kawaida hayamo.

Kati ya mkakati na muundo, kipi hutangulia?

Jibu la darasani ni kwamba mkakati hutangulia na muundo huufuata. Ndivyo inavyopaswa kuwa, lakini katika maisha halisi ya majeshi muundo uliorithiwa mara nyingi ndio unaoamua ni mkakati gani unawezekana.

Mfano ulio wazi ni Ufaransa tarehe 7 Machi 1936, Hitler alipopeleka askari katika eneo la Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, kinyume cha mikataba iliyokataza hilo. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua jeshi lingeweza kufanya nini. Jibu la makamanda lilikuwa kwamba jeshi halikupangwa kwa hatua ndogo ya haraka. Kuanzia 1928 hadi 1935 vijana walitumikia mwaka mmoja tu, na vikosi vya wakati wa amani vilikuwa kwa sehemu kubwa vyuo vya kuwafunza askari wapya na maganda ya kujazwa na askari wa akiba pindi vita kuu itakapozuka. Kwa hiyo viongozi walibaki na njia mbili: kuwaita mamia ya maelfu ya askari wa akiba na kuitikisa nchi nzima, au kutofanya lolote. Hawakufanya lolote. Muundo ulikuwa umekwishawachagulia mkakati miaka mingi kabla.

Somo linalotokana na tukio hilo ni kwamba kila anayeandika mkakati anapaswa kuanza kwa kuuliza muundo uliopo unaruhusu nini wiki hii, kabla ya kuuliza anatamani nini baada ya miaka kumi.

Je, wingi wa askari na ubora wa silaha havitoshi kuamua mshindi?

Vina uzito mkubwa, na jeshi lisilo na risasi halitaokolewa na muundo mzuri. Hata hivyo, Ujerumani ilipoanza mashambulizi ya magharibi tarehe 10 Mei 1940, Ufaransa na washirika wake walikuwa na vifaru vingi kuliko Wajerumani, na baadhi ya vifaru vya Kifaransa vilikuwa na bamba nene na mizinga yenye nguvu zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa katika mpangilio. Wajerumani walivikusanya vifaru vyao katika divisheni 10 za kivita, kila moja ikiwa na askari wa miguu, mizinga na wahandisi wake, na wote wakiwasiliana kwa redio. Ufaransa ilikuwa na divisheni chache za aina hiyo, lakini sehemu kubwa ya vifaru vyake ilitawanywa katika batalioni za kuwasaidia askari wa miguu, na vingi havikuwa na redio.

Juu ya hilo, kamandi ya Ufaransa ilikuwa imegawanyika katika sehemu tatu. Kamanda mkuu, Jenerali Maurice Gamelin, alikaa Vincennes, karibu na Paris, katika makao yasiyokuwa na mtambo wa redio. Jenerali Alphonse Georges, aliyesimamia mapigano ya kaskazini-mashariki, alikaa mahali pengine. Na wanadhimu wengi wa makao makuu, yaani maafisa wa kupanga na kuratibu, walikaa pengine tena. Wajerumani walivuka mto Meuse huko Sedan tarehe 13 Mei, na kila mara amri ya kuwajibu ilipofikia vikosi, hali iliyokusudiwa na amri hiyo ilikuwa imekwishapita. Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusitisha mapigano tarehe 22 Juni. Askari wake wengi walipigana kwa ushujaa, na hilo halikubadili matokeo.

Kwa nini majeshi karibu yote hugawanywa katika seksheni, platuni, kombania, batalioni na kuendelea?

Kwa sababu kamanda mmoja, hasa akiwa amechoka na anashambuliwa, anaweza kuongoza vizuri vikosi vichache tu kwa wakati mmoja. Wamongolia wa zama za Genghis Khan walipanga jeshi lao kwa makumi: watu 10, kisha 100, kisha 1,000, kisha 10,000. Majeshi mengi ya leo hupendelea vikosi vitatu au vinne chini ya kila kamanda, ili viwili viwe mbele na kingine kibaki akiba.

Ngazi hizi hazina thamani kama hazimpi kiongozi wa ngazi husika nyenzo za kufanya kazi peke yake kwa muda fulani. Hapo ndipo Napoleon aliwazidi wapinzani wake. Aliligawa jeshi lake katika majeshi madogo, kila moja likiwa na askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga yake, yaliyosafiri kwa njia tofauti na kukutana mahali pa mapigano; kila moja lilitegemewa kumudu adui mkubwa hadi mengine yafike. Tarehe 14 Oktoba 1806, huko Auerstedt, Marshali Davout akiwa na jeshi dogo moja la aina hiyo alikutana na sehemu kubwa ya jeshi la Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, iliyomzidi karibu mara mbili, na akaishinda bila kusubiri msaada. Siku hiyohiyo Napoleon alishinda Jena.

Kuna pia mfano wa kushindwa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilizipanga upya divisheni zake kwa ajili ya vita vya nyuklia. Batalioni na rejimenti ziliondolewa, na mahali pake pakawekwa vikosi vitano vya mapigano chini ya kamanda wa divisheni. Wazo lilikuwa kutawanyika ili bomu moja lisiangamize wengi. Katika mazoezi ilibainika kwamba makamanda walilemewa na idadi ya vikosi vya kusimamia, kwamba vifaa vya mawasiliano vya wakati ule havikumudu umbali huo, na kwamba maafisa wa ngazi ya kati walikosa vikosi vya kujifunzia ukamanda. Mpango huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ngazi moja ilifutwa bila kuuliza ilikuwa inafanya kazi gani.

Je, ni bora amri zote zitoke juu, au walio chini waachiwe waamue?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa vibaya, kana kwamba jeshi lazima lichague upande mmoja. Linalofaa kuulizwa ni: taarifa inayohitajika kwa uamuzi huu ipo kwa nani, na itachukua muda gani kumfikia mwingine?

Baada ya kipigo cha 1806, Prussia haikuridhika na kuwalaumu majenerali. Gerhard von Scharnhorst na wenzake walijenga taasisi mpya, ikiwamo chuo cha vita kilichofunguliwa Berlin mwaka 1810, na mfumo wa wanadhimu waliofunzwa kufikiri kwa namna inayofanana popote walipopangiwa. Helmuth von Moltke, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu kuanzia 1857 hadi 1888, aliutumia mfumo huo katika vita vya 1866 dhidi ya Austria na vya 1870 dhidi ya Ufaransa. Vikosi vyake vilisafirishwa kwa reli, vikatawanyika katika eneo kubwa mno kwa mtu mmoja kuliona, hivyo makamanda walielezwa kusudi la operesheni na kuachiwa njia ya kulitimiza. Kilichofanya uhuru huo usigeuke vurugu ni miaka mingi ya mafunzo ya pamoja. Majeshi mengi yamejaribu kuiga utaratibu huu kwa kutoa waraka tu, na yamepata maafisa wanaosubiri amri kama zamani huku wakitumia msamiati mpya.

Admirali Nelson wa Uingereza alifanya jambo la aina hiyo baharini. Kabla ya mapigano ya Trafalgar ya tarehe 21 Oktoba 1805 aliwaeleza manahodha wake mpango mzima, akijua kwamba moshi na kelele vitazuia ishara kuonekana. Manowari zake 27 zilikabili 33 za Ufaransa na Uhispania. Yeye mwenyewe alipigwa risasi katikati ya mapigano, lakini kazi iliendelea na Uingereza haikupoteza manowari hata moja.

Linganisha na ulinzi wa anga wa Uingereza mwaka 1940. Rubani aliye angani hawezi kujua ndege za adui zinakuja kutoka wapi na kwa wingi gani. Taarifa hiyo ilikuwa kwenye rada za pwani na kwa watazamaji walioenea nchi nzima. Hugh Dowding, aliyeongoza Kamandi ya Ndege za Kivita, alijenga mfumo ambamo taarifa za rada zilikwenda kwanza katika chumba cha kuchujia huko Bentley Priory, kisha zikasambazwa kwa makundi na sekta. Kamanda wa kundi aliamua vikosi gani viruke, mwongozaji wa sekta aliwaelekeza marubani kwa redio hadi karibu na adui, na kiongozi wa kikosi alipomwona adui kwa macho yake, uamuzi wa namna ya kushambulia ulikuwa wake. Uchujaji wa taarifa ulifanyika mahali pamoja, uamuzi wa kurusha vikosi ukagawanywa kwa makundi, na pigano likaachwa kabisa mikononi mwa marubani. Kwa maoni ya mwandishi, huu ni mmoja wa miundo bora zaidi iliyowahi kubuniwa na jeshi lolote, kwa sababu kila uamuzi uliwekwa kwa mtu aliyekuwa na cha kuuamulia.

Umoja wa kamandi unasisitizwa kwa nini, na kwa nini matawi ya jeshi huupinga?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama; hakuna tawi linalokanusha hilo hadi linapoambiwa kwamba nahodha atatoka tawi jingine. Jeshi la nchi kavu, la majini na la anga huwa na mila zao, bajeti zao, shule zao na njia zao za kupandisha vyeo, na kila moja huamini kwa dhati kwamba namna yake ya kupigana ndiyo huleta ushindi.

Gharama ya hali hiyo ilionekana tarehe 24 Aprili 1980, Marekani ilipojaribu kuwaokoa mateka wake waliokuwa Tehran. Operesheni ilikusanya makomando wa nchi kavu, ndege za jeshi la anga, na helikopta za jeshi la majini zilizorushwa kwa sehemu kubwa na marubani wa kikosi cha wanamaji wa nchi kavu. Vikosi hivyo vilikusanywa kwa ajili ya kazi hiyo tu na havikuwahi kufanya zoezi kamili la pamoja. Helikopta nane ziliondoka, tano tu zikabaki nzima katika kituo cha jangwani, ilhali zilihitajika angalau sita. Kazi ilisitishwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja iligongana na ndege ya usafirishaji. Wanajeshi wanane walikufa. Miaka mitatu baadaye, katika uvamizi wa Grenada wa Oktoba 1983, ushindi ulipatikana, lakini vikosi vya matawi tofauti vilishindwa kuwasiliana vizuri kwa kuwa redio zao hazikuoana.

Sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986 ilibadilisha mambo kadhaa. Kamanda wa eneo la operesheni alipewa mamlaka juu ya vikosi vyote vilivyo chini yake, vya tawi lolote, na mlolongo wa amri ukatoka kwa Rais kwenda kwa Waziri wa Ulinzi kisha kwa kamanda huyo. Hayo ndiyo husimuliwa mara nyingi. Kifungu kilichouma zaidi ni kile kilichotaka afisa awe amefanya kazi katika ofisi ya pamoja ya matawi ndipo afikiriwe kwa cheo cha jenerali au admirali. Kabla ya hapo, nafasi hizo zilionekana kama mahali pa kuwapeleka maafisa wasio na mustakabali. Baada ya hapo, maafisa hodari walianza kuziomba. Vita vya Ghuba vya 1991 viliendeshwa chini ya kamanda mmoja, Jenerali Norman Schwarzkopf, na mamlaka yake hayakuwa ya kuombaomba kwa wakuu wa matawi.

Je, kuna mfano wa muundo mpya kuleta tija bila kuongeza silaha?

Upo, na ni wa kushangaza. Mwaka 1942 nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli nyingi karibu kabisa na pwani ya mashariki ya Marekani. Ujuzi wa kupambana nazo haukukosekana kabisa, kwani Waingereza walikuwa wameupata kwa miaka miwili na zaidi. Ulikosa chombo cha kuupokea. Ujasusi, misafara ya meli, utafiti na mafunzo vilikuwa chini ya ofisi tofauti. Mei 1943 Admirali Ernest King, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, aliunda kile kilichoitwa Kundi la Kumi la Manowari, ambalo halikuwa na manowari hata moja. Lilikuwa ofisi ndogo ya watu wachache yenye mamlaka ya kuunganisha taarifa zote za nyambizi na kuelekeza vikosi vya wengine, chini ya amri ya King mwenyewe. Si haki kuipa ofisi hiyo sifa yote ya ushindi wa Atlantiki, kwa kuwa ndege za masafa marefu na uvunjaji wa maandishi ya siri vilichangia sana, lakini bila mahali pa kuviunganisha vingebaki vipande.

Taratibu za utumishi, kama uhamisho na upandishaji vyeo, nazo ni sehemu ya muundo?

Naam, na pengine ni sehemu inayogusa utendaji moja kwa moja kuliko zote. Wakati wa vita vya Vietnam, askari wa nchi kavu wa Marekani alipelekwa peke yake na kurudi peke yake baada ya miezi 12, na maafisa wengi walishika ukamanda wa kikosi kwa takriban miezi sita tu ili wengine nao wapate uzoefu huo. Kwa ofisi ya utumishi utaratibu huo ulikuwa wa haki na rahisi kuusimamia. Kwa kikosi porini, ulimaanisha kwamba daima kulikuwa na wageni wasiojua eneo, wakongwe wanaohesabu siku zilizobaki, na kamanda anayeondoka mara anapoanza kuelewa kazi. Mkakati uliohitaji kulijua vizuri eneo na watu wake ulitekelezwa na muundo uliohakikisha kwamba hakuna anayekaa muda wa kutosha kuvijua.

Ugavi una nafasi gani katika uhusiano huu?

Ugavi huonyesha kama mkakati ni wa kweli. Jeshi linalosema litapigana mbali lakini limeweka malori, mafundi na madaktari chini ya mamlaka isiyohusika na operesheni linajidanganya. Kosa la kawaida ni kupunguza vikosi vya huduma ili kuonyesha kwamba askari wengi zaidi wako mstari wa mbele; takwimu hupendeza, kisha vifaru husimama kwa kukosa mafuta.

Siasa huathirije muundo wa jeshi?

Mtawala anayeogopa mapinduzi hujenga jeshi la kujikinga nalo. Huwa na vikosi viwili au vitatu vinavyochungana, huwazuia makamanda kuwasiliana bila kupitia kwake, hupiga marufuku mazoezi makubwa, na hupandisha vyeo kwa utiifu binafsi. Muundo huo si wa kipumbavu. Unatimiza barabara mkakati wake halisi, yaani kumweka mtawala madarakani. Unaposhindwa vitani, unakuwa umefanya kile ulichojengewa.

Iraq inatoa ushahidi mzuri kwa sababu ilibadilika katikati ya vita hivyohivyo. Katika miaka ya mwanzo ya vita vyake na Iran, vilivyoanza 1980, maafisa wake walibanwa mno na amri kutoka Baghdad. Februari 1986 Iran iliiteka rasi ya Faw. Baada ya pigo hilo Saddam Hussein alikipanua Kikosi cha Walinzi wa Jamhuri, akaruhusu mazoezi makubwa ya pamoja na akawapa makamanda nafasi pana zaidi ya kupanga mapigano. Aprili 1988 Faw ilirudi mikononi mwa Iraq kwa mapigano ya muda usiozidi siku mbili. Taifa ni lile na mtawala ni yuleyule.

Jeshi la Kisovieti nalo liliyumba kuhusu makamisaa wa kisiasa. Kamisaa aliyepaswa kuidhinisha amri za kamanda alirudishwa mara mbili, mwaka 1937 na Julai 1941, nyakati ambazo uongozi uliwashuku maafisa wake. Oktoba 1942, vita vya Stalingrad vikiwa vimepamba moto, mamlaka ya kamanda mmoja yalirejeshwa.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi ndani ya siku chache, madai makuu yakiwa mishahara na kuendelea kuamriwa na maafisa wa Kiingereza. Nchi zilikuwa huru, lakini muundo wa majeshi ulikuwa bado wa koloni. Tanganyika ilivunja kikosi kilichoasi na kujenga jeshi jipya kutoka msingi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo.

Utendaji wa jeshi hupimwaje wakati hakuna vita?

Kwa shida. Idadi ya ndege zinazoweza kuruka, asilimia ya nafasi zilizojazwa na matokeo ya kulenga shabaha ni vipimo muhimu, lakini vinapima vipande, na kamanda mjanja hujifunza haraka kuvipamba. Kipimo kinachokaribia ukweli ni zoezi lenye adui anayeruhusiwa kushinda. Kituo cha mafunzo cha Fort Irwin huko California, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilijijengea sifa kwa sababu hiyo: vikosi vinavyokuja kufanya mazoezi hupambana na kikosi cha wenyeji kinachoijua ardhi, silaha hutumia miale badala ya risasi, na mara nyingi wageni hushindwa. Kisha hufuata kikao cha tathmini ambamo koplo anaweza kusema mbele ya kanali kwamba amri ilichelewa. Jeshi ambalo kikao kama hicho hakiwezekani halina njia ya kujua hali yake.

Kwa nini mageuzi mengi ya muundo hukwama?

Kwa sababu hubadilisha majina ya vikosi na kuacha vitu vitatu vilivyo: bajeti, mafunzo na vigezo vya vyeo. Afisa mwenye akili hutazama ni nani aliyepandishwa mwaka uliopita, si hotuba ya waziri.

Sababu nyingine ni kurekebisha muundo kwa mkakati mmoja kisha kuutumia kwa mwingine. Kuanzia 2008 Urusi ilizivunja divisheni zake nyingi na kuweka brigedi, zilizo ndogo kuliko divisheni, ambazo zingetoa haraka vikundi vya batalioni vyenye vifaru na mizinga mingi kwa ajili ya migogoro mifupi. Februari 2022 vikundi hivyo vilitumwa katika vita vikubwa dhidi ya Ukraine. Vingi vilikuwa na askari wa miguu wachache mno kwa kulinda vifaru katika miji na misitu, na katika wiki za mwanzo mashambulizi ya pande tofauti yalionekana kuendeshwa bila kamanda mmoja wa uwanjani. Mwishoni mwa mwaka huo waziri wa ulinzi alitangaza mpango wa kuzirudisha brigedi kadhaa katika muundo wa divisheni.

Jeshi dogo liige muundo wa majeshi makubwa?

Kwa uangalifu mkubwa. Makao makuu yenye idara zote za unadhimu, kuanzia utumishi na ujasusi hadi mawasiliano, huhitaji maafisa wengi. Jeshi dogo likiiga mfumo mzima hujikuta maafisa wake bora wako ofisini wakiandikiana barua. Kinachofaa kuigwa ni kanuni za kazi, hasa utaratibu wa tathmini baada ya zoezi na mafunzo ya pamoja ya wanadhimu, ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Je, teknolojia ya mawasiliano na droni itaondoa ngazi za amri?

Hadi sasa imezibana bila kuziondoa. Katika vita vya Iraq, Jenerali Stanley McChrystal, aliyeongoza vikosi maalumu vya Marekani, aligundua kwamba tatizo lake lilikuwa mwendo wa taarifa kati ya makomando, wachambuzi na mashirika ya ujasusi. Alianzisha kikao cha kila siku kwa njia ya video kilichowakutanisha watu wengi wa vyeo na taasisi tofauti, akashusha mamlaka ya kuidhinisha mashambulizi. Operesheni zilipanda kutoka 18 mwezi Agosti 2004 hadi 300 mwezi Agosti 2006. Wingi huo ni kipimo cha kasi. Kama kasi hiyo ilitumikia mkakati sahihi ni swali jingine, na wengi husahau kuliuliza.

Hatari ya teknolojia hiyohiyo ni kwamba jenerali sasa anaweza kutazama seksheni moja kwa kamera ya droni na kuiamuru moja kwa moja, akiwaruka viongozi wanne walio kati. Kuona picha si sawa na kujua hali. Kwa upande wa muundo, Ukraine iliunda mwaka 2024 tawi zima la vikosi vya mifumo isiyo na rubani. Tawi jipya hupata bajeti, shule na vyeo vyake. Pia hupata ukuta wake, na baada ya miaka michache litaanza kuvutana na mengine.

Afisa wa ngazi ya kati atatambuaje kwamba muundo haulingani na mkakati?

Afuatilie uamuzi mmoja wa kawaida, kwa mfano ombi la kikosi cha mbele kutaka mizinga impige adui aliyeonekana, na aandike ni mikono mingapi linapitia na kila mkono unaongeza nini. Mkono usioongeza taarifa wala nyenzo unaongeza muda tu. Kisha atazame kama mambo muhimu hufanyika kwa simu za urafiki kati ya maafisa waliosoma pamoja, nje ya utaratibu rasmi. Hiyo ni dalili kwamba utaratibu umekwishakufa na watu wema wanauficha msiba. Aangalie pia ni kazi gani ambayo mkakati unaiita ya kwanza lakini maafisa hodari wanaikwepa. Mwisho aulize nani atashika ukamanda kamanda wa kikosi akiuawa dakika hii, na amuulize swali hilo sajini badala ya meja.